Kamera Ipige Magoti: Ilani ya Wanafunzi wa Filamu wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu wa Iringa na Mbeya, ndugu wa Njombe, Songwe na Ruvuma. Ndugu mlio mabwenini na mlio kwenye vyumba vya kupanga vya Kihesa na Uyole. Ndugu mnaotembea na simu yenye kioo kilichopasuka na hadithi ambayo hakuna ofisi iliyowaagiza kuisimulia: wakati wetu umefika. Enzi ya kuomba tuonekane imekwisha. Enzi ya kukaa kizingitini tukingoja vifaa, tukingoja mfadhili, tukingoja basi la Dar es Salaam lituletee mtu wa kutupiga picha, imekwisha. Kamera iko mkononi. Mkono ni wetu. Kuanzia leo mkono huu ndio shule yetu, ndio studio yetu, ndio stendi yetu ya kamera.

Tunaitoa ilani hii Kalenga, na Kalenga ina sababu zake. Hapa, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani iliibomoa. Julai 1898 Mkwawa alijitoa uhai asije akatiwa mikononi mwao, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Halikurudi. Miaka ilipita zaidi ya thelathini, na katika jumba la makumbusho la Bremen mafuvu ya watu wetu yaliendelea kukaa rafuni. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda kutafuta, na fuvu lililochaguliwa lilichaguliwa kwa vipimo. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa hapa, na hapa lipo hadi leo, ndani ya kioo. Wengi wetu tuliletwa kuliona tukiwa bado na kaptula na sketi za shule ya msingi. Tulisimama mbele ya kioo kile bila kujua kwamba tunafundishwa somo la kwanza la sinema: kuna jicho linalomtazama mtu ili limpime, na jicho hilo halijawahi kumsalimia.

Tunalikataa jicho hilo, na tunakikataa kila kizazi chake. Kamera ilikuja kwetu ndani ya lori la ukoloni. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Waingereza ulitengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika wawe raia wema wa dola isiyo yao, zikatembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland. Mwaka 1939 London ikaunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, akaweka kanuni za kumpigia Mwafrika picha. Kamera isitembee. Kamera isigeuke kushoto wala kulia, eti mtazamaji wa Kiafrika ataona miti na nyumba vinakimbia, na akili yake itashindwa kuelewa kinachotokea. Shoti iwe tuli, iwe ndefu, iwe ya polepole. Ndugu, upimeni uzito wa kanuni hiyo. Utulivu wa picha ulifanywa sera ya serikali, na msingi wa sera ulikuwa dharau kwa akili ya bibi na babu zetu. Kila mara mwalimu au mtaalamu anapotuambia kwamba picha inayotembea ni picha isiyo na adabu, anarudia, pengine bila kujua, amri iliyoandikwa na mtu aliyeamini sisi hatuwezi kufuata mti kwa macho.

Na historia imekwisha kumjibu. Amemjibu Rashidi Kawawa, aliyecheza katika Muhogo Mchungu mwaka 1952 mbele ya kamera za wageni, na miaka kumi baadaye akawa Waziri Mkuu wa nchi huru. Umemjibu umati wa vibanda umiza vya Mwanjelwa na Mlandege: mabenchi ya mbao, televisheni moja, pazia jeusi mlangoni, na filamu za Hong Kong na Bombay zinazokimbia kwa kasi ya ngumi, huku sauti ya mfasiri kama Lufufu ikimwaga Kiswahili juu ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Walifuata. Walicheka pale pa kucheka na kulia pale pa kulia. Hadhira iliyoambiwa haiwezi kuelewa kamera ikigeuka ilielewa kila kitu, na watoto wa hadhira hiyo leo ndio wanaoishika kamera.

Tunakataa kusubiri. Tuliambiwa filamu huanza na kamera ya sinema, taa za kukodi, jenereta, gari la vifaa na barua ya mfadhili. Na kwa kuwa vitu hivyo havikupanda mlima Kitonga, ikahitimishwa kwamba Nyanda za Juu hazina filamu. Wakati sisi tunaambiwa hivyo, mtaani Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, mtu aliyewahi kufyatua matofali, alikuwa akitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa bajeti ambayo mwenyewe huitaja kuwa chini ya dola 200, akihariri kwenye kompyuta aliyoiunga kwa vipuri chakavu. Ilikuwa mwaka 2010, na dunia ikamtafuta yeye hadi uani kwake. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker aliionyesha Sundance filamu yake ya Tangerine, iliyopigwa kwa simu aina ya iPhone 5s. Simu ambayo leo mwanafunzi wa chuo hapa Iringa anaiona ya zamani na anaona aibu kuitoa mfukoni ilipiga filamu iliyosimama kwenye kumbi za dunia. Aibu hiyo tunaizika leo.

Wako pia waliokula kiapo. Mwaka 1995 waongozaji wawili wa Denmark, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, walitangaza kanuni kumi za kuisafisha sinema, na kanuni ya tatu iliamuru kamera ishikwe mkononi. Miaka mitatu baadaye Vinterberg alitoa Festen, aliyoipiga kwa kamera ndogo ya video ya kununuliwa dukani, na majaji wa Cannes wakaipa tuzo. Tunawaheshimu. Lakini wao walikuwa na kila kitu wakaamua kukiweka chini. Walishuka wakafika pale sisi tulipozaliwa. Kwetu mkono haukuwa kiapo cha kuacha mali. Tunautangaza kuwa nguvu kwa sababu tumeufanyia kazi tukajua unachoweza, na kwa sababu yapo mambo ya nchi hii ambayo hayawezi kupigwa kwa njia nyingine yoyote.

Tunaamini mkono unafundishika. Wanaoidharau kazi yetu husema kamera ya mkononi ni kamera inayotikisika. Hao hawajawahi kuishika dakika tano mfululizo. Kamera ya mkononi ni mwili mzima. Nyayo zimeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegezwa, viwiko vimebanwa mbavuni, pumzi inatoka taratibu shoti inapoanza. Anayetembea hutanguliza kisigino na kuushusha wayo polepole hadi vidoleni, magoti na kiuno vikimeza kila mshtuko wa njia. Anayesimama hutafuta ukuta, nguzo ya baraza, fremu ya mlango, mgongo wa mwenzake. Akikosa vyote, hufunga kamba chini ya kamera, hukanyaga ncha ya pili na kuivuta juu mpaka ikaze, na mtetemo wa viganja hufa hapo hapo. Simu ni nyepesi mno, na wepesi ndio mama wa mtetemo. Basi tunaipa uzito. Kipande cha ubao wa msonobari wa Sao Hill, simu katikati, mikono miwili kwenye ncha mbili: seremala yeyote wa Mafinga anakitengeneza kwa vipande vilivyobaki sakafuni. Hicho ndicho kifaa chetu cha kwanza, na kimetoka kwenye msitu wetu. Anayetaka shoti ya mwendo mrefu atakaa ndani ya bajaji, au kwenye toroli linalosukumwa na rafiki mwenye hatua za upole. Ufaransa, mwaka 1959, mpigapicha Raoul Coutard alikaa kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa huku mwongozaji Godard akimsukuma mitaani Paris, na filamu waliyoipiga bado inafundishwa katika vyuo vya dunia nzima.

Tunaukataa mtikisiko usio na sababu. Hili tunaliambiana wenyewe kwa wenyewe, kwa ukali wa ndugu. Picha inayoyumba kwa kuwa mpigaji hakufanya mazoezi ni uvivu, na uvivu hautavaa joho la sanaa mbele yetu. Kamera ikimkimbilia kondakta anayening'inia kwenye mlango wa daladala Kabwe, itikisike, maana barabara inatikisika na maisha ya yule kijana yanatikisika. Kamera ikikaa na mjane anayehesabu fedha za kikoba, itulie hadi mtazamaji asahau kwamba ipo mikononi mwa mtu. Kila shoti iulizwe: nani anatembea hapa, na kwa nini? Isiyo na jibu irudiwe, hata kama betri imebaki asilimia nane.

Tunaikataa zumu. Anayevuta sura kwa vidole akiwa mbali anavuta pamoja nayo kila mtetemo wa mkono, na anaipora sura ya mtu bila kumkaribia. Lenzi pana na hatua tatu mbele: hiyo ndiyo zumu yetu. Ukiutaka uso wa mama anayepanga nyanya Ilula, nenda hadi kwenye tenga lake, sikia harufu ya majani ya nyanya, mwambie unafanya nini, kisha upige ukiwa karibu kiasi kwamba akitaka kukusukuma mkono wake unafika. Umbali huo ndio kipimo chetu cha haki. Aliyeko kwenye picha awe na uwezo wa kuigusa kamera.

Tunaamini, na huu ndio moyo wa ilani hii, kwamba kamera ipige magoti. Huku kwetu binti akimkuta mzee hupiga goti kumwamkia, na kijana huinama. Wahehe hufanya hivyo, Wabena hufanya hivyo, Wanyakyusa hufanya hivyo. Stendi haijui kuamkia. Husimama kwa urefu ule ule mbele ya chifu na mbele ya mtoto, mbele ya msiba na mbele ya harusi. Mkono unajua. Mkono unashuka hadi kwenye kigoda cha bibi anayepepeta ulezi, unashuka hadi kwenye macho ya mtoto anayechunga ng'ombe Ismani, unapiga hodi mlangoni na kungoja uitikiwe. Angalieni, ndugu: mwili ule ule unaoituliza kamera ndio mwili wa heshima. Magoti yaliyokunjwa, mikono iliyokusanywa mbele ya kifua, pumzi iliyoshushwa. Mafunzo ya picha na malezi ya nyumbani yamekutana ndani ya kiungo kimoja. Hakuna chuo cha Ulaya kilichotufundisha hilo. Mama zetu walitufundisha kabla hatujajua kuandika majina yetu. Na mzee akisema hapana, kamera inashuka, inazimwa, na mazungumzo yanaendelea bila yeye kudaiwa chochote.

Tunakataa kuamini kwamba mkono wowote unatosha. Mfaransa Jean Rouch alipoteza stendi yake akiushuka Mto Niger miaka ya 1940, akaendelea kupiga akiwa ameshika kamera, na kwa ajali hiyo filamu za hali halisi zilibadilika ulimwenguni. Alikaa Afrika miaka mingi, alipenda, alitembea pamoja na watu. Hata hivyo mwaka 1965 Sembène Ousmane wa Senegal alimkabili uso kwa uso akamwambia kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Lawama hiyo tunaibeba mfukoni kila tunapotoka kushuti, maana inatuhusu pia. Mtoto wa Iringa mjini anayekwenda kijijini na simu, akapiga umaskini wa watu kwa dakika ishirini, akarudi kuweka muziki wa huzuni, ni mgeni wa namna ile ile, hata kama kijiji ni cha bibi yake. Ukaribu wa lenzi haujawahi kuwa ukaribu wa mtu. Kaa kwanza. Shika jembe, chota maji, lala. Siku ya pili ndiyo ya kutoa kamera.

Tunaikataa sebule. Ndugu zetu wa bongo movie walifanya jambo kubwa, na hatutawadharau kwa kuwa sasa ni rahisi kuwadharau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walishika kamera za video, wakaigiza kwa Kiswahili cha kila siku, wakauza kwa umma uliokuwa haujawahi kujiona. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ilisimama, na haikusimama bure. Lakini sinema ile ilihamia kwenye nyumba za kuazima zenye makochi makubwa na zulia jekundu, ikakaa humo, ikafa humo. Na ndani ya sebule ile alikuwamo mtu wetu. Alipita nyuma ya kochi akiwa na sinia la juisi. Alikuwa hausigeli, na mara nyingi hati ilisema ametoka Iringa, na lafudhi yake iliigizwa ili watu wacheke. Kamera ilikuwa imesimama kwenye stendi ikiwatazama wenye nyumba. Haikugeuka kumtazama alikokwenda. Sisi tunageuka. Tunamfuata jikoni. Tunamfuata chumbani kwake nyuma ya stoo, tunamfuata anapopiga simu nyumbani Mufindi usiku kumuuliza mama yake kama mahindi yamevunwa, tunapanda naye basi alfajiri anaporudi. Ndiyo filamu ambayo nchi hii inatudai. Na anayeishika kamera katika filamu hiyo ni dada yake, yuko mwaka wa pili chuoni, na hatamwachia mtu mwingine aieleze.

Tunaamini katika sauti, kwa kuwa watazamaji husamehe picha iliyoyumba lakini hawasamehi maneno yaliyopotea, na wako sahihi. Simu ya pili iwe kwenye mfuko wa shati wa anayezungumza. Kofi moja lipigwe mbele ya kamera ili sauti na picha zikutane wakati wa kuhariri. Kipande cha sponji kifunike maiki, maana upepo wa Makambako hauna huruma. Na lugha ibaki ya mwenye mdomo: Kihehe kibaki Kihehe, Kisafwa kibaki Kisafwa, Kinyakyusa kibaki Kinyakyusa, na Kiswahili kiandikwe chini ya picha. Bibi akisema "kamwene", hadhira nzima ya nchi hii itajua ameamkia.

Kuhusu mwanga tutasema machache: anga letu linatosha. Ukungu wa asubuhi wa Mufindi unalainisha uso wa mtu kuliko taa yoyote ya kukodi, na adhuhuri kiroba cheupe cha unga kikikunjuliwa upande wa kivuli kinarudisha nuru machoni. Fungeni fokasi, fungeni mwanga, wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1 kwa 50 panapowezekana, shikilieni shoti sekunde chache kabla ya tendo na baada yake, kwa sababu mwenzenu atakayehariri usiku umeme ukirudi naye ana haki zake. Nakala ziwe mbili kabla ya kulala. Mengine tutafundishana tukiwa njiani.

Tunaamini filamu haijakamilika mpaka imeonwa na aliyemo. Mwaka 1978, ng'ambo ya Ruvuma, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane cha Maputo kiliendesha mafunzo ya filamu za Super 8 pamoja na huyo huyo Rouch. Wanafunzi walipiga asubuhi, wakausafisha mkanda mchana, na jioni wakawaonyesha watu waliopigwa. Walikuwa na kemikali, ndoo na giza. Sisi tuna simu, hatuna hata cha kusafisha, na bado filamu zetu huozea kwenye kompyuta za vyuo zikisubiri alama! Hilo linakoma. Shuka jeupe, projekta ya kuazima kanisani au shuleni, ukuta wa ofisi ya kijiji: kila filamu itaonyeshwa kwanza pale ilipopigwa, na wenye sura ndio watakaosema nini kibaki na nini kiondoke. Hatutaipandisha mtandaoni filamu ambayo mwenye uso hajaiona. Mhadhiri atakuja wa pili. Tamasha la Zanzibar, tukialikwa, litakuja wa tatu, na tutakwenda kwa fahari.

Tunaamini katika kesho ambayo tayari tunaiona waziwazi. Tunaiona reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, ikisimuliwa na mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Mbeya akiwa ndani ya behewa, kamera ikiyumba kwa mdundo wa mataruma. Tunaiona foleni ya malori ya Tunduma kwa macho ya mwanamke anayewauzia madereva wali usiku. Tunawaona wachuma chai wa Mufindi wakihesabu kilo kwa sauti zao. Tunauona mpunga wa Kyela, viazi vya Njombe, mianzi inayogemwa ulanzi masika, wanafunzi wa vyuo vya Mkwawa, Ruaha na MUST wakitazamana katika filamu zao na kugundua kwamba kilomita mia tatu na ushee kati ya Iringa na Mbeya hazijawahi kuwa mpaka. Tunaiona siku ambayo mtu atazitazama filamu mia kutoka hapa na asipate katika hata moja mlima uliopigwa kutoka kwenye ndege na sauti nzito ikimweleza mtalii jinsi tulivyo wakarimu.

Na kesho hiyo imeshaanza kugonga milango ya watu waliotupima. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto. Mwaka 2024 Mtanzania Cece Mlay, pamoja na Agnes Lisa Wegner, alipeleka Berlin filamu inayozifuata familia za nchi hii zinazotafuta mabaki ya mababu zao waliochukuliwa na Wajerumani. Ndugu, sinema ya Kitanzania imeingia katika mji ule na kuuliza swali, na kioo cha Kalenga kinahusika na swali hilo. Mafuvu yaliyobaki bado yako kwenye rafu za watu. Waliozaliwa na wenye mafuvu wana kamera.

Tunakataa kuitwa wahalifu kwa kupiga picha nchi yetu. Tunaijua Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na tutakwenda kwa afisa utamaduni na kwa mwenyekiti wa kijiji tukiwa na barua, kwa adabu ile ile tunayomwendea mzee. Lakini tunataka kibali cha mwanafunzi kiwe jambo la siku moja, kipatikane hapa hapa wilayani, kwa gharama inayolingana na posho ya mwanafunzi. Tunavitaka vyuo vya Iringa na Mbeya vitupe chumba kimoja chenye umeme wa uhakika na usiku mmoja wa maonyesho kila mwezi. Tunawataka walimu wa sekondari, ambako simu zinakatazwa, wakubali kushika simu za klabu wao wenyewe na kuzitoa Jumamosi, ili binti wa kidato cha pili asingoje miaka minne kuanza. Hatuombi kamera. Kamera tunayo.

Basi tunaanza. Mwenye simu alete simu, mwenye chaja alete chaja, mwenye ubao alete ubao, asiye na chochote alete masikio na miguu. Wapiga picha watabadilishana na waigizaji, wahariri watatoka nje kushika kamera, na hakuna atakayeitwa dairekta kwa kuwa bando ni lake. Tunatoka Kalenga, tunashuka Ilula, tunageuka hadi Mafinga, tunavuka Makambako na Chimala mpaka Mbeya, na kila tunaposimama tutaacha filamu moja iliyokwisha kuonyeshwa na mtu mmoja wa mahali pale anayejua kuitengeneza ya pili.